Naunga mkono hoja yao, lakini mbinu zao hapana. Huu ni unafiki?

#1 Mto_Kimya
Wakuu, salamu.

Kuna mto unapita karibu na tunapoishi, na kuna kiwanda kinamwaga maji machafu humo. Nipo kwenye kundi linalopinga jambo hilo tangu siku ya kwanza. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi, nimejaza maji kwenye chupa za kupeleka kupimwa, nimeandika barua mbili ambazo hazikujibiwa. Miezi minne ikapita, maji yale yale.

Halafu vijana wa kundi wakaipata namba ya simu ya mke wa meneja, wakaisambaza. Yule mama alipigiwa na kutukanwa siku tatu mfululizo, hadi usiku wa manane. Hana cheo pale kiwandani wala hisa.

Nikaandika kwenye kundi kwamba mto nautaka safi, lakini hili silikubali. Nikaitwa msaliti, na kabla sijamaliza kujibu nikawa nimeshatolewa.

Kutolewa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba wiki iliyofuata meneja aliitisha kikao na wakazi, cha kwanza tangu tuanze.

Sasa nauliza: mtu anaweza kusema "niko nanyi kwenye hoja, siko nanyi kwenye mbinu" na akawa mkweli? Au ni lugha ya anayetaka kukaa pande zote mbili?

#2 Nimekaa_Pale
Ngoja waje wenyewe. Nimeshavuta kiti.

#3 Kombora
Mkuu, jibu lako lilishaandikwa Aprili 1963. Martin Luther King Jr. akiwa jela ya Birmingham, Alabama, aliwajibu kwa barua wachungaji wanane wa kizungu waliodai kwamba maandamano hayakuwa ya busara na wakati wake haukuwa umefika. Aliwaambia anakaribia kuamini kwamba kikwazo kikubwa cha mtu mweusi si Ku Klux Klan, lile genge la wabaguzi weupe, ni yule mzungu wa msimamo wa kati anayesema nakubaliana na lengo lako ila si njia zako. Maneno yako hayo hayo, karibu neno kwa neno.

Nani amewahi kuikubali mbinu iliyofanya kazi? Mbinu inayopendwa na kila mtu ni ile isiyomsumbua mtu.

#4 BintiSayari
#3, marekebisho madogo: hawakuwa wachungaji wote. Walikuwa viongozi wa dini wanane, na mmoja wao alikuwa rabi.

Marekebisho makubwa ni haya. King huyo huyo hakumruhusu kila aliyejitokeza aandamane. Kule Birmingham waliojitolea waliwekewa masharti ya kutia sahihi: hakuna ngumi, hakuna matusi, mkono wala ulimi. Aliyeshindwa hayo alipewa kazi nyingine. Kwa hiyo unayemtumia kumpiga Mto_Kimya naye alikuwa na orodha ya mbinu anazozikataa, tena ameiweka kwa maandishi. Kumtukana mke wa mtu usiku wa manane kusingepita kwenye karatasi ile.

#5 Kombora
Kukataa mbinu ukiwa ndani umevaa sare na kukataa ukiwa sebuleni ni vitu viwili tofauti.

#6 BintiSayari
Soma #1 tena. Alikuwa ndani. Ndiyo maana kulikuwa na mahali pa kumtoa.

#7 Nimekaa_Pale
Kombora limerudi kwa aliyelirusha 😂

#8 Mzee wa Kumbukumbu
Vijana, mnazungumza kana kwamba anayepinga mbinu siku zote ni mpole kuliko wenzake. Si kweli. Mei 1963, Birmingham hiyo hiyo, waandaaji waliwatoa watoto wa shule mitaani, polisi wakawapiga kwa maji ya mabomba na kuwaachia mbwa. Malcolm X aliipinga mbinu ile hadharani. Kwake, mwanamume hamtangulizi mwanawe mbele ya adui. Kwenye suala la ubaguzi hakuna anayeweza kusema Malcolm alikuwa wa msimamo wa kati.

Hivyo "sikubali mbinu" inaweza kutoka kushoto, kulia, juu au chini. Mwulize kwanza mtu anataka mbinu gani badala yake. Asiye na jibu, huyo ndiye wa kumtilia shaka.

#9 Jongoo Barabarani
Hapo mwisho Mzee umenena. Ila mimi ninaamini kabisa ukiwaudhi watu umewapoteza. Angalia wale mabinti wa Just Stop Oil, kundi la Uingereza linalopinga uchimbaji wa mafuta, walioharibu mchoro wa Van Gogh London. Mtu ana uchungu na sayari, anaenda kuua alizeti zilizochorwa! Toka siku ile nikisikia "tabianchi" nabadilisha chaneli.

#10 kiroboto
Jongoo, mchoro haukuharibika. Ulikuwa nyuma ya kioo. Oktoba 2022, National Gallery, walirusha supu ya nyanya ikaishia kwenye kioo, fremu ndiyo ilipata madhara. Mwaka 2024 wakahukumiwa, mmoja miaka 2, mwingine miezi 20. Na Machi 2025 kundi lenyewe likatangaza linaachana na vitendo vya aina hiyo.

Halafu acha visingizio. Chaneli ulikuwa unabadilisha tangu zamani.

#11 Jongoo Barabarani
Kioo nimekubali. Hilo la chaneli ni siri ya familia, nani kakwambia?

#12 DadaNesi
Habari zenu. Mimi nimekaa upande wa pili wa swali hili, nimewahi kuwa ndani ya mgomo.

Tulikuwa wauguzi, tunadai vifaa na saa za kazi za kibinadamu. Siku ya kupanga, wenzetu kadhaa walitaka tuondoke wote, hata wodi ya mahututi ibaki tupu, "ndipo watatusikia". Wengine tukasema hapana, mahututi na wajawazito wanabaki na watu. Tulibishana hadi saa nane usiku. Kuna rafiki yangu mpaka leo haniongeleshi.

Tuligoma siku sita na wodi hizo mbili zikifanya kazi. Tulipata vifaa, saa za kazi hatukupata. Rafiki yangu anasema tungeondoka wote tungepata vyote. Labda. Siwezi kumthibitishia kinyume, wala yeye hawezi kunithibitishia. Ila nilikuwa najua majina ya waliolazwa.

Kwa hiyo Kombora, sikuwa sebuleni.

#13 Kombora
Dada heshima yako. Kwako nimeshusha silaha.

#14 Mwalimu Asiyechoka
DadaNesi ametupa ufunguo. Swali la maana ni *nani anaumia*. Mfano wa wazi: tarehe 17 Oktoba 2019, wanaharakati wa Extinction Rebellion, kundi la kupigania tabianchi, walipanda juu ya treni kituo cha Canning Town, London, alfajiri watu wanakwenda kazini. Abiria walimvuta mmoja kwa miguu wakamshusha chini. Fikiria: unapigania hali ya hewa, unazuia treni ya umeme, na unaowazuia ni watu ambao wameliacha gari. Hata ndani ya kundi lenyewe wengi walikuwa wamepinga mpango ule kabla haujafanyika. Mwanzoni mwa 2023 kundi likatangaza kuacha kuvuruga shughuli za watu kama mbinu yake kuu.

Linganisha na Montgomery, 1955. Weusi waligomea mabasi yaliyowabagua. Aliyeumia ni kampuni ya mabasi, na wao wenyewe waliotembea kwa miguu siku 381. Mbinu na kosa vilikuwa mahali pamoja. Ukikaa kwenye kiti ulichokatazwa, kitendo chenyewe ndicho dai.

#15 kiroboto
Mwalimu, nyongeza: Montgomery haikumalizwa na miguu peke yake. Ni kesi mahakamani, iliyoamuliwa hadi Mahakama ya Juu Novemba 1956. Miongoni mwa walalamikaji wanne alikuwepo Claudette Colvin, binti aliyekataa kusimama kwenye basi akiwa na miaka 15, miezi tisa kabla ya Rosa Parks, yule ambaye kukamatwa kwake kulianzisha mgomo. Viongozi hawakutaka kumfanya sura ya harakati. Hiyo nayo ni mbinu, kuchagua nani aonekane. Mimi naiunga mkono hoja ile kwa asilimia mia, na walivyomfanyia Claudette mpaka leo sijaimeza.

#16 Mwalimu Asiyechoka
Nakubali, nilirahisisha.

#17 Chura wa Usiku
Wote mnaongelea maadili, mimi nataka kujua kama inafanya kazi.

Mwaka 1961 Gallup, shirika la kura za maoni, waliwauliza Wamarekani kuhusu Freedom Riders, wale vijana weusi na weupe waliopanda mabasi pamoja kwenda kusini. Kati ya waliokuwa wamesikia habari zao, 61% walisema hawakubaliani na wanachofanya, 22% ndio waliokubali. Kabla mwaka haujaisha serikali ya shirikisho ikawa imeagiza mabasi na vituo vya safari za majimbo viache ubaguzi. Walichukiwa, wakashinda.

Wanasosholojia wana maelezo yake. Herbert Haines alifuatilia michango ya fedha kwa mashirika ya haki za weusi miaka ya 1960, akakuta wakali walipopaza sauti, pesa ziliongezeka kwa wapole. Mkali anamfanya mpole aonekane mtu wa kuongea naye. Ndicho kilichotokea kwa meneja wako, Mto_Kimya. Aliogopa simu, akaitisha kikao.

#18 BintiSayari
Chura, usisimame njiani. Kuna utafiti wa 2020 wa kina Feinberg na Willer ambao walipima vitendo vikali, kufunga barabara na mfano wa hivyo, na kukuta uungwaji mkono unashuka hata kwa watu waliokuwa tayari upande wa hoja. Wao wenyewe wanaliita tatizo: kitendo kinachovuta macho ndicho hicho kinachofukuza watu.

#19 Chura wa Usiku
Na watafiti hao hao, 2022, walikuta mbinu kali za kundi moja zinaweza kuongeza uungwaji mkono kwa kundi *pole* la hoja hiyo hiyo. Kundi kali linachukiwa, la pembeni linapendwa. Tafiti zote mbili zinaweza kuwa sahihi kwa pamoja.

#20 Nimekaa_Pale
Kwa maana nyingine, Mto_Kimya akiwalaani vijana wake hadharani anawasaidia, nao wakimwita msaliti wanamsaidia. Ndoa ya ajabu hii.

#21 Mto_Kimya
Asanteni wote. Nimesoma neno kwa neno.

Chura, maelezo yako yanapendeza ila kuna kitu sikukisema. Kwenye kile kikao meneja hakutaja simu hata mara moja. Alikuja na majibu ya vipimo vya maji. Kuna barua yangu moja ilikuwa imefika kwa mkaguzi, mkaguzi akawaandikia. Hizo simu na barua ya mkaguzi vilikuja wiki moja. Sasa nani aliyemleta mezani? Vijana wanasema wao. Mimi usiku nikiwa peke yangu nasema barua. Sijui kama nasema hivyo kwa sababu ni kweli au kwa sababu niliiandika mimi.

#22 Kombora
Kumbe ulituficha ushahidi! Mtu alisema barua hazikujibiwa.

#23 Mto_Kimya
Hazikujibiwa *kwangu*, mkuu.

#24 Mzee wa Kumbukumbu
Hilo la nani alileta ushindi halitaisha, nawaambia. Waingereza wanabishana mpaka leo kuhusu kura za wanawake. Emmeline Pankhurst na wenzake walivunja vioo vya maduka, walichoma majengo, Machi 1914 mmoja wao akaukatakata kwa kishoka mchoro wa Velázquez, National Gallery hiyo hiyo ya supu. Millicent Fawcett aliongoza chama kikubwa zaidi, cha barua, mikutano na subira.

Wengi hawajui kwamba mwaka 1906 Fawcett aliwaandalia karamu wenzake wakali walipotoka gerezani. Aliwaheshimu. Moto na mawe vilipozidi ndipo akajitenga nao hadharani. Na hakuacha kudai kura hata siku moja.

#25 Jongoo Barabarani
Na yule aliyejiua mbele ya farasi wa mfalme? Huyo ndiye aliyewapa kura 1918.

#26 Mzee wa Kumbukumbu
Jongoo, leo umeamka na mguu gani? Emily Davison aligongwa Epsom Juni 1913, akafa siku nne baadaye. Kama alikusudia kufa, watu wanabishana hadi leo. Wapo wanaoamini alitaka tu kumfunga farasi kitambaa cha chama.

Kuhusu 1918: vita vilipoanza Agosti 1914 Pankhurst alisimamisha vurugu zote, kwa hiyo sheria ilikuja karibu miaka minne baada ya kioo cha mwisho kuvunjwa. Na haikuwapa wanawake wote. Ilikuwa kwa wa miaka 30 na kuendelea, tena wenye masharti ya mali. Usawa na wanaume ulikuja Julai 1928, wiki chache baada ya Pankhurst kuzikwa. Fawcett aliishi akauona. Leo wote wawili wana sanamu karibu na Bunge lile lile.

#27 kiroboto
Na New Zealand walishapata 1893 kwa hati ya maombi yenye sahihi karibu 32,000. Hakuna kioo kilichovunjwa.

#28 Kombora
Sahihi 32,000 zinafaa pale ambapo anayesomewa ana masikio. Kule kwingine je? ANC waliomba kwa barua na wajumbe tangu 1912. Desemba 1961 rais wao Albert Luthuli alipokea Nobel ya Amani Oslo. Siku chache tu baadaye, tarehe 16, Umkhonto we Sizwe ya Mandela, tawi la mapambano ya silaha, ikalipua mabomu ya kwanza. Mwenyekiti ana nishani ya amani mkononi, vijana wana baruti.

#29 BintiSayari
Rais, si mwenyekiti, na umesema mwenyewe hapo juu 😀 Wanahistoria wanabishana Luthuli alijua nini na aliridhia nini. Ila nenda na mwendelezo: kwenye utetezi wake wa 1964, Mandela alieleza kwamba walichagua hujuma dhidi ya mitambo na majengo ili wasitoe roho za watu. Hata aliyeshika baruti alikuwa na mstari wake. Nyie mnaongea kana kwamba kuna watu wenye mbinu na watu wenye mipaka, mimi sijaona harakati isiyokuwa na wote wawili ndani ya kichwa kimoja.

#30 Mstaafu wa Mabango
Nimekuwa nikisoma kimya. Nilikaa miaka kumi na moja kwenye harakati za haki za wanyama, sasa nimestaafu, mgongo umenishinda.

Niwaambie jambo ambalo halipo kwenye tafiti zenu. Kwenye kikao cha kupanga, anayependekeza jambo kali zaidi ndiye anayeonekana anapenda zaidi. Anayeuliza "baada ya hapo?" anaonekana ana hofu. Mara nyingi tulikubali vitu ambavyo chumba kizima, mmoja mmoja, hakuna aliyevitaka. Kila mtu alikuwa anasubiri mwingine akatae. Anayelengwa na kitendo si kiwanda wala umma. Analengwa mwenzako aliyekaa kando yako.

Uingereza mwaka 1998 watu walivunja shamba la kufugia wanyama wa manyoya wakaachia maelfu ya mink, mnyama wa jamii ya kicheche. Wengi waliuawa au kukamatwa, na walio nje wakawa wanakula wanyama wengine wa porini. Kwetu siku ile ilisherehekewa. Niliandika kwamba tumewaua tuliowapenda na kuwalisha tuliowasahau. Hakuna aliyenitoa kundini, ila kuanzia hapo nikawa natumwa kubeba mabango tu. Ndiyo jina langu hilo.

Ufugaji wa aina ile ulipigwa marufuku Uingereza kwa sheria ya mwaka 2000. Waliofungua vizimba wanasema ni wao. Mnaona?

#31 DadaNesi
"Kila mtu alikuwa anasubiri mwingine akatae." Hii nimeinakili. Ile saa nane usiku tuliopinga tulianza watatu, mwisho tukawa zaidi ya nusu ya chumba.

#32 Mwalimu Asiyechoka
Kuna kisa kimoja nakipenda kuliko vyote vilivyotajwa. Agosti 1859, kwenye shimo la mawe karibu na Chambersburg, Pennsylvania, John Brown, mzungu aliyepinga utumwa, alikutana kwa siri na Frederick Douglass. Brown alitaka kuvamia ghala la silaha la Harpers Ferry ili kuwasha moto dhidi ya utumwa. Douglass, ambaye alizaliwa mtumwa, akakataa. Alimwambia anaingia kwenye mtego wa chuma na hatatoka. Walibishana kwa muda mrefu. Douglass alikuwa amekuja na Shields Green, mtu aliyetoroka utumwani. Wakati wa kuagana akamwuliza unakuja? Green akasema yeye anakwenda na mzee.

Oktoba uvamizi ukashindwa. Brown na Green wakanyongwa Desemba. Douglass alikimbilia Kanada kisha Uingereza, maana naye alitafutwa. Mwaka 1881 alikwenda Harpers Ferry kwenyewe akahutubia kumsifu Brown. Lakini sijasoma popote kwamba alisema angepaswa kwenda naye.

#33 Kombora
Green ndiye aliyekuwa na msimamo.

#34 BintiSayari
Na Douglass ndiye aliyekuwepo 1863 kuwaita weusi wajiunge na jeshi la Rais Lincoln kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Maiti haiandikishi askari.

#35 Kombora
Lakini nani aliyesababisha kuwe na vita ya kujiunga nayo?

#36 Nimekaa_Pale
Haya, tumeanza upya. Nakwenda kulala.

#37 Jongoo Barabarani
Kabla hamjalala, mimi nina swali la kijinga. Mto_Kimya, yule mama je? Kurasa zote hizi tumeongea meneja, vijana, Douglass na kicheche. Kuna mtu yeyote amemwomba radhi?

#38 kiroboto
Jongoo, leo umeuliza swali zuri kuliko wote. Niandikie tarehe.

#39 Mto_Kimya
Hapana, hakuna. Nimefikiria kumpigia. Namba ninayo, na ndiyo tatizo lenyewe. Nikipiga, kwake ni simu nyingine ya mtu asiyemjua kutoka kundi lile lile. Na nitaanzaje? "Mimi ni yule ambaye sikukutukana"?

#40 DadaNesi
Usipige kabisa. Ifute hiyo namba leo. Mwandikie barua, ipitie kwa mtu anayemfahamu, na usimwombe akujibu.

#41 Kombora
Barua ya tatu hiyo. Hii naiunga mkono, hoja na mbinu.